Nikipata nauli ya tamasha moja tu la klasiki 2026, naenda wapi?

Alhamisi iliyopita umeme ulikatika katikati ya mazoezi, na nyie wa kwaya mnajua umeme ukikatika kinanda kinakufa na mazoezi yanageuka kijiwe. Tukatoka nje tukakaa kwenye mabenchi, upepo wa ziwa Tanganyika unapiga hapa Kigoma, jamaa mmoja wa besi akatoa simu akaweka Haleluya ya Handel, okestra nzima na kwaya ya watu kama mia hivi, tukasikiliza kimya mpaka mwisho. Halafu dada mmoja wa sauti ya pili akauliza swali ambalo limenikosesha usingizi wiki nzima: "Hivi kaka, hawa watu wanaimbia wapi haya mambo? Na mtu wa kawaida anaingia?" Mimi ndio huwa najifanya mjuaji wa hizi habari pale kwayani kwa hiyo macho yote yakanigeukia, nikaanza kutaja, tamasha la huku, tamasha la kule, mara umeme ukarudi, mwalimu akagonga meza, sauti ya kwanza tuanze, na jibu langu likabaki hewani.

Sasa namalizia hapa.

Niwe mkweli kwanza, Ulaya sijawahi kukanyaga. Nilijaribu mwaka mmoja, nikapeleka karatasi zote kwenye ubalozi fulani, nikaambiwa hawajaridhika kwamba nitarudi. Yaani mimi, mtu wa dagaa wa Kibirizi, nimeacha mke, watoto wanne na madeni, nisirudi! Basi bwana, tangu siku hiyo nafuatilia kwa simu tu, bando la usiku, naijua ratiba nzima ya harusi ambayo sijapewa kadi. Kwa hiyo kipimo changu sio cha mtu wa suti. Mimi naangalia mlangoni ni bei gani, nitakaa au nitasimama, na huo muziki nimeshawahi kuuimba mwenyewe hata kwa ile solfa yetu, do re mi, ya kukosea kosea au nitakuwa pale natoa macho tu.

Kwa kipimo hicho Salzburg inaanguka mapema, ingawa ndio jina ambalo kila mtu analitaja. Austria, mji aliozaliwa Mozart tarehe 27 Januari 1756, tamasha lilianza 1920 na linakwenda kuanzia nusu ya pili ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Opera, yaani michezo ya kuigiza kwa kuimba, maigizo mbele ya kanisa kuu, okestra kubwa kubwa za dunia, kila kitu kipo, ila tiketi za mbele za opera zinapita euro mia nne na hiyo hela hapa Gungu unapiga msingi wa chumba. Kuna siri moja tu, pale kwenye uwanja wa Kapitelplatz huwa wanaweka skrini kubwa usiku na kuonyesha opera bure, unakaa na koti lako unaangalia. Lakini kuvuka dunia nzima kwenda kuangalia skrini, aisee, skrini si ninayo mfukoni.

Bayreuth, Ujerumani, nayo ina sherehe kubwa mwaka 2026, tamasha linatimiza miaka 150. Mtunzi Wagner alijenga ukumbi wake mwenyewe kwenye kilima, kwa ajili ya opera zake mwenyewe, akafungua 1876, na mpaka leo pale tamasha linapiga Wagner, ukitaka mwingine nenda kwingine. Kiukweli natamani kwenda kuona kitu kimoja tu, lile shimo la okestra, maana wamelifunika kabisa, huoni mwongozaji, huoni hata upinde wa fidla, sauti inatoka chini ya jukwaa inapanda kwa waimbaji kwanza ndio inakufikia wewe. Wanaojua wanasema hakuna ukumbi mwingine unaosikika vile. Lakini viti ni vigumu, havina pa kuwekea mikono, Agosti joto limefungiwa humo ndani, na ile kazi yake kubwa ya Ring ni opera nne zenye kama saa 15 ukizijumlisha. Zamani watu walikuwa wanasubiri tiketi hadi miaka kumi. Na Wagner mwenyewe kwa maandishi yake ya kuwachukia Wayahudi ni mtu ambaye unasikiliza muziki wake huku umekunja uso. Opera inaanza saa kumi jioni yao, kwetu saa kumi na moja, wakati ambao mimi nipo mwaloni nahesabu magunia. Nawapa hongera ya miaka 150, naendelea na safari.

London sasa. Hapo ndipo roho yangu ilipokaa kwa muda mrefu, kwa sababu ya Proms. Tamasha lilianza 1895, meneja wa ukumbi aitwaye Robert Newman akamshika kijana mwongozaji Henry Wood, wazo lao lilikuwa kuwapa watu wa kawaida muziki mzito kwa bei ya chini, shilingi moja ya wakati huo, wakaruhusu watu kusimama, kula, kunywa, hata kuvuta sigara humo humo. Ukumbi wao wa kwanza ulipigwa bomu la Wajerumani 1941 wakahamia Royal Albert Hall ambako wapo mpaka leo, kila mwaka katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba, karibu kila usiku kuna kitu. Na ile roho ya kusimama haijafa! Eneo la katikati kabisa, mbele ya okestra, pale ambapo kwingine wangeweka matajiri, wao wameacha wazi kwa watu wa kusimama, na misimu ya karibuni tiketi yake imekuwa pauni 8, kama elfu ishirini na kitu ya kwetu, unanunua siku hiyohiyo. Ebu fikiria, elfu ishirini na kitu unasimama hatua chache kutoka kwa mpiga cello. Hapa kwetu kiingilio cha bendi ya kukodi kutoka Dar siku ya Pasaka hakiko mbali na hapo.

Na kuna jambo moja huwa linanichekesha. Huo ukumbi ulifunguliwa Machi 1871. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Stanley akamkuta Livingstone pale Ujiji, hapo tu, ukipanda bodaboda unafika. Hao wawili wakapanda mtumbwi wakaenda kaskazini mwa ziwa kuangalia mto Ruzizi kama unatoka ziwani kwenda kuwa Nile, wakakuta unaingia, hautoki, hesabu ikaisha. Na Desemba ya mwaka huohuo 1871, kule kwenye Nile yenyewe, Cairo, mtunzi wa Italia Verdi ndio opera yake ya Aida inaonyeshwa kwa mara ya kwanza. Yaani mwaka mmoja, Ujiji, London na Cairo, hakuna aliyejua habari za mwenzake. Nikiwaambia vijana wa kwaya wanasema mzee umeanza tena.

Aida ndio inanipeleka Verona, Italia. Pale kuna uwanja wa mawe walioujenga Warumi karibu miaka elfu mbili iliyopita kwa ajili ya watu kuuana, na mwaka 1913 wakaingiza Aida humo kwa kuadhimisha miaka mia tangu Verdi azaliwe, toka hapo karibu kila kiangazi ni opera, Juni hadi Septemba. Kinachoniua ni kwamba mapokeo yao ni kuimba bila maikrofoni. Hapo nje, chini ya nyota, watu elfu kumi na kitu, na yule mama wa soprano anafika mpaka ngazi ya juu kabisa kwa koo lake tu. Sisi hapa harusi ya watu mia mbili tunafunga spika nane! Hizo ngazi za juu ndio za watu kama sisi, unakaa kwenye jiwe lililokula jua kutwa nzima, kwa hiyo unabeba mto wa kukalia au unakodi palepale. Mchezo unaanza usiku jua likizama, na zamani kila mtu alikuwa anawasha kishumaa kabla ya kuanza, uwanja mzima unameremeta kama wavuvi wetu na karabai zao usiku wa giza. Nikiwa na uwezo wa matamasha mawili, Verona ingekuwa la pili. Ingeshindana tu na Bregenz.

Bregenz, jamani. Hii ni Austria tena, kwenye pembe ya ziwa la Konstanz ambalo Austria, Ujerumani na Uswisi wanachangia. Mwaka 1946 vita imeisha juzi tu, mji hauna ukumbi wa maana, wakachukua mashua mbili za kubebea kokoto wakaziegesha ziwani, moja wakaweka jukwaa, nyingine wakaweka okestra, watu wakakaa ufukweni. Ndio tamasha likaanza hivyo. Leo ni jukwaa kubwa la kudumu juu ya maji na watazamaji karibu elfu saba wanakaa ukingoni wameelekea ziwa, na mandhari wanayojenga sio ya kitoto, ni minara, vichwa vya watu virefu kama ghorofa, vitu vinapanda na kuzama, na kwa sababu vina gharama opera moja wanaiacha misimu miwili ndio wanabadilisha. Okestra siku hizi wala haipo nje, imekaa ndani ya jengo na sauti inaletwa kwa spika. Mvua nyepesi ikinyesha wanaimba tu, huruhusiwi mwamvuli maana utamziba wa nyuma, unavaa koti la mvua.

Sasa mimi nikiangalia hiyo kitu moyo unauma. Hilo ziwa lao lina urefu wa kilomita sitini na kitu! Tanganyika ni kilomita zaidi ya 670, kina karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani nzima, na machweo yetu ya hapa Kigoma jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo hakuna fundi wa jukwaa wa Austria anayeweza kuyajenga. Mashua tunazo. Kwaya tunazo mpaka tunagombania siku ya kutumia kanisa. Nimeshamwambia mwalimu wetu mara mbili kwamba ile ghuba ya Bangwe imekaa kama ukumbi kabisa, tuegeshe boti mbili, tufunge jenereta, tuimbe jioni moja tu watu wakae ufukweni na migebuka ya kuchoma. Mwalimu akanitazama, akauliza, na tenori wakidondoka majini? Swali zuri kwa sababu tenori wetu hata nchi kavu wanadondoka.

Haya, wengine nawapitia haraka. Nantes, Ufaransa, La Folle Journée, tangu 1995, Januari mwishoni au Februari mwanzoni, wazo lao ni konseti fupi fupi za kama dakika 45, nyingi kwa siku, tiketi za bei ya chini, watu wanakuja na watoto. Napenda sana wazo ila baridi ya Januari sitaiweza, hapa nyuzi 20 asubuhi tunavaa masweta. Prague kuna tamasha la majira ya kuchipua linafunguliwa kila tarehe 12 Mei, siku aliyofariki mtunzi wao Smetana, na wanaanza kwa kazi yake ileile kila mwaka, kama misa ya kumbukumbu ya marehemu, hiyo nimeipenda. Glyndebourne ni shambani kwa tajiri Uingereza, tangu 1934, katikati ya opera wanapumzika saa moja na nusu wale chakula kwenye majani wakiwa wamevaa suti nyeusi na kondoo wanawaangalia. Sina la kuongeza.

Kama unaimba kwaya na unapenda Uingereza lakini sio vurugu za London, nenda kwenye Three Choirs. Makanisa makuu matatu ya Gloucester, Hereford na Worcester yanapokezana, mwaka 2026 ni zamu ya Gloucester, na wamekuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Fikiria mzunguko wa kwaya za parokia tatu ambao haujafa kwa miaka 300, umesimama tu vita vya dunia na ule mwaka wa korona. Sisi mzunguko wetu wa parokia tatu ulidumu miaka miwili ukafa kwa ugomvi wa nani analipa mafuta ya basi.

Lakini jibu langu kwa yule dada wa sauti ya pili ni Leipzig. Bachfest, mwezi Juni, Ujerumani.

Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndio penyewe. Johann Sebastian Bach alifika Leipzig 1723 kama mwalimu wa kwaya. Sio mfalme wa muziki, sio staa, mwalimu wa kwaya wa kanisa la Mtakatifu Thomas na mwalimu wa watoto wa shule, mpaka akafa 1750. Alikuwa na kazi ya kuandaa muziki wa Jumapili, na miaka ile ya mwanzo alikuwa anatunga kantata mpya, yaani kazi ya kwaya na okestra ya kuimbwa ibadani, karibu kila wiki, anaandika, watoto na mke wanasaidia kunakili sauti moja moja, mazoezi mara chache, Jumapili wanaimba. Halafu anaandika barua za malalamiko kwa wakubwa wa mji, waimbaji hawatoshi, wengine hawafai, hela ndogo. Mwaka 1730 aliandika orodha kabisa, hawa wanafaa, hawa bado wanafundishika, hawa hawafai kabisa! Nilivyosoma hiyo nilicheka peke yangu maana niliona mwalimu wetu kabisa, na ile daftari yake ya mahudhurio.

Kwenye Bachfest muziki huo unapigwa mulemule ulimopigwa. Kanisa la Mtakatifu Thomas, kanisa la Mtakatifu Nikolai, sio makumbusho, ni makanisa yanasalisha. Mifupa yake ipo humo ndani ya Mtakatifu Thomas tangu 1950, na siku ya mwisho ya tamasha kwa mapokeo wanafunga kwa ile Misa yake ya B minor, yeye amelala hapo mbele ya altare anaimbiwa misa yake mwenyewe. Kwaya ya wavulana wa kanisa hilo ilianzishwa 1212, yaani Bach mwenyewe alipofika aliikuta ina miaka mia tano. Na hata ukikosa tiketi za tamasha, hao vijana katika msimu wao wanaimba ibada ya muziki Ijumaa jioni na Jumamosi mchana, unaingia kwa euro chache. Wakati wa tamasha huwa kuna jukwaa la wazi pale sokoni katikati ya mji, bure, watu wamekaa wanakula soseji. Miaka ya karibuni pia wamekuwa wakiita kwaya za Bach kutoka nchi mbalimbali, watu wa kawaida tu wenye kazi zao, kuja kuimba kantata humohumo makanisani. Hiyo ndio ilinimaliza. Kwingine kote mimi ni mtazamaji, Leipzig naweza kujidanganya kwamba siku moja nitakuwa kwenye besi.

Na kuna nyongeza. Kutoka Leipzig mpaka Halle ni kama nusu saa na treni. Halle ndiko alikozaliwa Handel, huyuhuyu wa Haleluya iliyotukuta gizani, na wana tamasha lake tangu 1922, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo ukipanga vizuri unaunganisha safari moja. Bach na Handel wamezaliwa mwaka mmoja, 1685, sehemu zisizo mbali, na hawakuwahi kukutana. Mwaka 1719 Handel alirudi kwao kusalimia, Bach akasikia, akafunga safari kumfuata Halle, akakuta jamaa ameshaondoka. Halafu uzeeni wote wawili macho yakaharibika, wote wawili wakapasuliwa na daktari mmoja yuleyule, Mwingereza mmoja tapeli anaitwa John Taylor, na hakuna aliyepona. Yaani hawakukutana wenyewe ila walikutana kwenye kisu.

Sasa gharama, maana najua mnasubiri hapo. Viza ya Schengen ada yake ni euro 90, zaidi ya laki mbili, na hairudishwi ukikataliwa, hilo nalijua kwa uchungu. Bima ya safari lazima iwe ya kuanzia euro 30,000. Hiyo viza moja inakufikisha Ujerumani, Austria, Italia, Ufaransa, Uswisi, kwa hiyo Leipzig mpaka Bregenz mpaka Verona ni karatasi moja, ila Proms ni Uingereza, viza nyingine kabisa, hela nyingine kabisa, ndio maana London nimeiacha pamoja na zile pauni 8 zake tamu. Juu ya hapo weka ndege, weka kutoka hapa mpaka Dar, kilomita zaidi ya 1,200 za reli, unalala njiani. Na mimi nina tatizo langu binafsi la majira. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, sawa, jambo jema, lakini huo ndio msimu wenyewe wa matamasha! Juni nina muda wote duniani na sina hata mia. Ziwa likiwa wazi hela ipo lakini mbalamwezi ikiisha siwezi kuondoka mwaloni hata siku moja.

Hapa inabidi niseme kitu kuhusu Wajerumani. Meli yetu ya Liemba waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye maelfu ya maboksi, ikavuka bahari, ikapanda reli, ikaja kuunganishwa hapahapa Kigoma, 1915 ikaingia majini. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, baadaye Waingereza wakaiibua. Chuma kizito vile kilitoka Ujerumani kikafika Mwisho wa Reli. Mimi kilo zangu 68 na begi moja nashindwa kwenda kinyume.

Kwa ambao Ulaya hamtaki hata kuisikia, msidhani klasiki ni ya huko tu. Afrika Kusini kuna tamasha la Stellenbosch la muziki wa vikundi vidogo, kila Julai tangu 2004, na sisi wa Tanzania kwa matembezi mafupi kule hatuombi viza, hiyo peke yake ni tamasha. Kenya wana mashindano yao ya taifa ya muziki ya mashule tangu 1927, yanafika kilele mwezi wa nane, maelfu ya watoto, kwaya za sauti nne, piano, violini, na mlemle kuna nyimbo za makabila yao, na waamuzi wanakaa mezani wanasikiliza sauti moja moja. Kama wewe ni mwalimu wa kwaya nenda hapo kabla ya kwenda kwingine kokote, basi tu unafika. Ng'ambo ya ziwa hili hapa, mbali sana magharibi, Kinshasa wana okestra kamili ya simfonia tangu 1994, aliianzisha Armand Diangienda, rubani aliyekosa kazi, walianza na violini chache za kupokezana na nyuzi zikikatika wakafunga waya wa breki za baiskeli. Wakaja kupiga Beethoven, ile ya tisa. Sisi na kinanda chetu cha Yamaha tunalalamika.

Na Zanzibar, Februari, kuna tamasha la Sauti za Busara, ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe. Najua mtasema hiyo sio klasiki, ni muziki wa Afrika wa kila aina. Kaeni basi msikilize taarab asilia ikipigwa na watu wazima, fidla zimekaa mstari, qanuni, udi, cello, akodiani, mwimbaji haruki ruki, kikundi kama Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, kina utaratibu wake, kina nidhamu yake, kina mashairi yanayohitaji kichwa. Kama hiyo sio klasiki basi nielezeni klasiki ni nini. Mwaka huu nimeamua kuanzia hapo, kwa sababu Februari ziwa lipo wazi na boti ya Unguja haiulizi kama nitarudi.

Leipzig nimefungulia kibubu. Kipo juu ya kabati, mke wangu ameshakipa jina, anakiita Mjerumani, asubuhi ananiuliza Mjerumani ameamkaje, namwambia ana laki sita na elfu arobaini. Kwa mwendo huo Juni 2026 hatafika, nimepiga hesabu, labda Juni ya mwaka unaofuata, na ubalozi wakipenda. Mpaka hapo kuna wale Waholanzi wa Netherlands Bach Society ambao wanarekodi kazi zote za Bach moja moja na kuziweka YouTube bure, picha safi, sauti safi, nashusha usiku bando likiwa la bei poa.

Nimeshushia kwaya ile Misa ya B minor pia, ipo kwenye memori kadi, nitakuja nayo Alhamisi na spika yangu ndogo ya kuchaji kwa hiyo umeme ukikatika tena tumejipanga. Dada wa sauti ya pili, jibu lako ndio hilo. Na tenori, naomba mje saa kumi na moja kamili, ukurasa wa tatu bado.